Mwaka Walioufunga Mdomo Mzinga

Defendente Marchelli alikuwa na kisirani, na asikudanganye mtu kwamba alikipata uzeeni. Alizaliwa nacho. Sisi wa Castelbriva, mji mdogo wa vilima vya Piemonte, tulimpita dukani bila kutarajia salamu, na siku akikusalimu ulirudi nyumbani ukijiuliza umekosea wapi. Padri aliwahi kumshauri Onorina, mkewe, awe na uvumilivu kidogo. Onorina akamjibu, "Baba, uvumilivu ninao. Ninachokosa ni mtu wa kuongea naye." Watu walicheka mwezi mzima, na Defendente akamnunia yule padri mpaka alipohamishwa.

Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na mzinga, na kwa sababu ya mzinga tulimvumilia.

Ulisimama juu ya mgongo wa kilima, nyuma ya shamba lake la mizabibu: tarumbeta la chuma refu kuliko nyumba, la rangi ya njano, mdomo wake ukitazama mbinguni. Wingu baya likichomoza upande wa milima ya Alpi, lile jeusi lenye ukingo mweupe, Defendente huingia kwenye kibanda kilichopo chini yake, hufungua gesi, na mzinga huanza: bumu, kimya kidogo, bumu, kimya kidogo, mpaka wingu lipite. Mlio ukipanda huko juu huvunja mvua ya mawe kabla haijaganda, ikashuka maji matupu. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha na hivyo ndivyo alivyoamini. Sharti ni moja tu, kila mkulima wa hapa analijua: upige mapema, wingu likiwa bado mbali. Mawe yakishaanza kuanguka unapoteza gesi yako bure. Wapo waliosema kwamba pale hakuna kitu, ni makelele, na wakaanza kufunika mizabibu yao kwa nyavu. Defendente hakutaka hata kuzisikia.

"Nyavu ni za samaki," alisema. "Mimi nalima zabibu."

Basi. Ugomvi ulianza pale binti yake wa pekee, Mirella, aliporudi kutoka jiji la Torino na kuvigeuza vyumba vya juu vya nyumba yao kuwa vya wageni. Wageni wenyewe walikuwa wale wa kutembea. Hawana kiongozi, hawana basi. Wanapewa karatasi za njia, wanazivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, wanashika fimbo mbili mbili, wanatoka mji mmoja wa kilimani kwenda mwingine kwa miguu huku masanduku yao yakitangulia kwa gari. Leo wanalala kwetu, wanakunywa mvinyo wetu, wanausifia, wanalitazama kanisa na ule mnara uliobaki wa ngome, na kesho asubuhi huwaoni tena.

Defendente hakuelewa hata chembe. "Mtu ana gari," alikuwa akimwambia Onorina, "ana afya, ana pesa zake, halafu anaingia shambani kwangu kwa miguu, tena hana hata jembe! Huyo mzima kichwani?"

"Anapumzika, baba Mirella."

"Anapumzika kwa kupanda vilima? Mimi nimepanda vilima hivi miaka yote, mbona sijapumzika?"

Kwa haki kidogo, jamani, hakuwa na makosa yote. Walichuma zabibu kwa vidole vyao, kisha wakazitema kwa sababu bado chachu. Walisimama katikati ya mstari wakati anapiga dawa, wakamwuliza kama dawa ni salama. Waliacha lango wazi. Baya kuliko yote, karatasi zao ziliwaelekeza wapite chini kabisa ya mzinga. Mirella alimsomea siku moja, akidhani atafurahi: ukifika kwenye bomba kubwa la njano, pinda kushoto.

"Bomba?" Defendente aliuliza. "Mzinga wa baba yangu wameuita bomba?"

Akasusa chakula siku hiyo.

Ikawa asubuhi moja ya Juni, anga safi, jua limetulia. Kikundi cha Wabelgiji kilifika kwenye mzinga kikaona kivuli chake kinafaa. Wakavua viatu. Wakatandaza soksi zao zenye jasho juu ya msingi wa mzinga, wakapanga jibini na salami kando ya soksi, wakaanza kula. Defendente alikuwa anafunga matawi mistari miwili tu kutoka pale. Aliweka chini kamba zake, akaingia kibandani, akafungua gesi.

Mlio ule, ukiwa umekaa chini yake, unaingia miguuni na kutokea utosini. Jibini liliruka huko na soksi huko. Mama mmoja aliruka kwenye ukingo, akaviringika hadi ndani ya mizabibu, akavunjika mkono. Na Defendente akacheka. Alitoka mlangoni pa kibanda akacheka ameshika mbavu. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza, maana Wabelgiji walikieleza kila mahali walipofika.

Mirella alirudi kutoka hospitali akiwa amefura.

"Baba, umemvunja mtu mkono!"

"Mimi? Nilimgusa?"

"Umepiga mzinga jua likiwaka!"

"Niliona wingu."

"Wingu gani? Wapi?"

"Lilikuwepo. Limeogopa, limekimbia. Si ndiyo kazi ya mzinga?"

"Unajivunia!" Mirella alipiga kelele hadi majirani wakafungua madirisha. "Unajua hawa watu ndio wanaotulisha? Unajua wakikwepa njia yetu nitafunga? Unataka nirudi Torino nikaombe kazi niliyoiacha?"

"Nani alikuzuia kulima?"

"Wewe! Nani anaweza kulima na wewe?"

Hapo Onorina alilia, na Mirella akachukua koti lake akaenda moja kwa moja kwa Evasio Pautasso, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima. Ushirika ndio uliolipia gesi, kwa hiyo ushirika ndio wenye neno la mwisho juu ya mzinga. Wanachama walikutana ghalani, katikati ya mapipa, na hukumu yao ilikuwa hii: mzinga ufunge mdomo majira yote ya joto. Mavuno yakikaribia watapiga kura. Mvua ya mawe ikishuka wakati mzinga umenyamaza, itajulikana kwamba ulihitajika, utarudishwa kazini na watembeaji watafute njia nyingine. Majira yakipita salama, utauzwa chuma chakavu.

Defendente alipiga meza. "Na nani atawalipa mkipigwa?"

"Tutapigwa wote," Evasio alisema. "Nipe neno lako kwamba hutaufyatua."

"Neno langu unalo."

Hilo lilitosha. Mtu alikuwa mkali, mchoyo wa salamu, hana dogo, lakini neno lake lilikuwa neno. Wakamwachia ufunguo na mitungi ya gesi, maana hakuna aliyetaka kuibeba kuishusha kilimani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika ndani ya kichwa chake. Julai yote alikwenda kukaa kibandani akitazama upande wa Alpi. Mbingu ikiwa safi alirudi nyumbani amenuna. Ikiwa nyeusi kidogo alikula vizuri. Watembeaji walimpita wakamsalimia buongiorno, naye akawajibu kwa lahaja yetu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu ya mama zao. Wakatabasamu, wakampiga picha. Kuna nyumba huko Ubelgiji zina picha ya mzee wa Piemonte akiwatukana.

"Unatazama nini huko kila siku?" Onorina alimwuliza.

"Hali ya hewa."

"Mbona unaitazama kama mtu anayengoja mgeni?"

Naye kweli alikuwa anangoja. Aliitaka mvua ya mawe. Aliitaka kwa roho yake yote. Usiku alijilaza akiwapitia majirani mmoja mmoja, nani atapigwa vipi. Evasio ana nyavu, ataponea, shenzi yule. Gemma, mjane wa kule bondeni, hana nyavu, atapoteza kila kitu. Basi, naye alinyoosha mkono siku ile ghalani, atajifunza. Alipofika kwenye mizabibu yake mwenyewe, ile ya aina ya barbera aliyoipanda baba yake, aligeukia ukutani na kujiambia kwamba mizabibu huzaa tena mwakani, lakini mzinga ukishakatwa haurudi. Kisha alisinzia vizuri kabisa.

Wingu lilikuja mwishoni mwa Agosti, mchana. Zabibu zilikuwa zimeshageuka rangi, zimejaa, zinasubiri kuchumwa. Defendente aliliona tangu likiwa dogo juu ya milima. Aliona ukingo wake mweupe. Aliona jinsi upepo ulivyokatika ghafla na ndege wakanyamaza. Huu ndio ulikuwa wakati wa kupiga. Mkono wake wenyewe uliujua, ukaanza kwenda kwenye gesi, naye akauweka mfukoni.

"Njoo," aliliambia wingu. "Njoo, baba. Njoo uwaonyeshe."

Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke mmoja mrefu mwenye mvi, shanta mgongoni, karatasi shingoni. Alikuwa ametoka Denmark, anaitwa Bodil, anatembea peke yake, na asubuhi ile alikunywa kahawa ya Mirella. Hakujua lugha yetu zaidi ya asante na maji. Alionyesha mbingu, akaonyesha kibanda, akakunja mikono kifuani kuomba hifadhi.

"Kaa," Defendente alisema. "Utaona sinema."

Bodil alikaa juu ya ndoo. Giza liliingia. Alimtazama mzee, akaitazama mitambo, na bila shaka alikuwa amesimuliwa habari za mzinga mezani kwa Mirella, kwa sababu alielekeza kidole juu, akauliza, "Bum?"

"Hakuna bumu. Bumu mmelikataa wenyewe."

"Bum!" Bodil alirudia, sasa amesimama, anaonyesha wingu ambalo lilikuwa limefika juu yao. "Bum! Bum!"

"Nyamaza! Ninyi si ndio mliolia mmevunjwa mkono? Leo unaniamuru nipige?"

Jiwe la kwanza liligonga bati. Kisha la pili. Kisha kimya kifupi, na halafu mbingu nzima ikamwagika. Yalikuwa mawe ya ukubwa wa yai la kuku. Defendente alisimama mlangoni akipaza sauti, "Hiyo! Hiyo hapo! Kateni mzinga sasa! Ukateni!" Alikuwa anacheka tena, kile kicheko chake.

Mstari wa kwanza wa mizabibu uko hatua chache tu kutoka mlangoni. Aliona majani yakichanwa. Aliona kichala kimoja kizima, kizito, cheusi, kikipasuka na kumwaga maji yake mekundu kwenye shina, kisha kilicho jirani yake, kisha mstari mzima. Shamba lile alikuwa amelipogoa Februari kwenye baridi, amelifunga kamba kwa mkono, ameliamkia kila siku ya Mungu tangu baba yake alipomwachia. Kicheko kilimkauka kinywani. Akasema "hapana" kwa sauti ndogo, halafu akasema "hapana" kwa nguvu, akageuka akamsukuma Bodil kando, akafungua gesi.

Akapiga. Alipiga bila kupumzika, mlio juu ya mlio, na mawe yakaendelea kushuka kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Machozi yalimtoka. Alikuwa akiutukana mzinga, akimtukana baba yake, akilitukana wingu. Bodil aliziba masikio akajikunyata pembeni. Gesi ilipoisha, mawe nayo yalikuwa yamekwisha, kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka bondeni kumalizia kazi yake kwa Gemma.

Nje kulikuwa kweupe na kulinuka majani mabichi yaliyopondwa. Bodil alimwekea mkono begani. Defendente akautupa.

"Ondoka. Nenda zako. Kwenye bomba pinda kushoto."

Akapinda kushoto. Kesho yake alikuwa mji mwingine, na hatukumwona tena.

Onorina alipanda kilima na viatu vya nyumbani, akakanyaga mawe yale. Alilitazama shamba muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe.

"Umepiga."

"Nimepiga."

"Ulipiga lini?"

Defendente alianza kukusanya kamba zilizotapakaa.

Wakakutana ghalani Jumapili, baada ya misa. Hakuna aliyefurahi, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemkalia Defendente kooni. Watu wa bondeni walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema jambo lile lile: walisikia mzinga kwanza, kisha mawe yakawafikia. Ni kweli, ndivyo walivyosikia, kwa sababu wingu lilianzia kilimani. Kwa hiyo kila mtu alijua alichokijua. Mzee amelivunja neno lake, neno lake yeye, kwa ajili ya kuwaokoa, na mzinga umeshindwa.

"Tusijadili sana," Evasio alisema kwa upole. "Mzinga ulipigwa, na mawe yameanguka. Jibu tumelipata. Defendente, neno ulivunja, lakini ulivunja kwa moyo mzuri. Hakuna atakayekulaumu."

Mirella alisimama, macho yamemvimba. "Baba, mimi nilikusema vibaya. Nisamehe." Hakuwahi kumwomba msamaha maishani.

Gemma, ambaye hakubakiwa na kichala kimoja, aliinuka akammiminia Defendente glasi ya mvinyo na kuiweka mbele yake. Watu wakapiga makofi. Nilikuwepo, nami nilipiga. Miaka yote ile, ndiyo kwanza Castelbriva ilikuwa inampenda.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Shahidi wake yuko njiani mahali fulani na fimbo zake mbili. Angekunywa mvinyo ule, angekwenda nyumbani ameshikwa mkono na binti yake, na angesalimiwa mpaka anakufa. Mzinga ungekatwa, ndiyo. Kwa uwongo.

Aliitazama glasi. Akaisukuma mbali.

"Mzinga haukushindwa," alisema.

"Baba, acha," Mirella alisema.

"Haukushindwa! Unapigwa mapema. Nani hapa hajui unapigwa mapema? Mimi nilipiga mawe yakiwa yameshanivunjia mstari wa kwanza."

"Ulichelewa, mzee, basi. Ulikuwa mbali," Evasio alisema.

"Nilikuwa kibandani. Wingu nililiona likiwa bado Alpi. Ufunguo ninao, gesi ninayo. Nikakaa." Alikuwa amekasirika kama kawaida, kana kwamba anawakaripia. "Nililingoja. Nililiita. Nilitaka liwapige mjue."

Gemma alikuwa bado amesimama na chupa mkononi.

"Mimi ni mjane, Defendente," alisema. "Ulitaka linipige na mimi?"

"Na wewe."

Gemma aliichukua ile glasi mbele yake, akaumimina mvinyo sakafuni, akarudi kwenye kiti chake. Mmoja wa vijana wa bondeni alitaka kumrukia, wakamshika. Mirella alikuwa amekaa, amejifunika uso.

Evasio alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti kazi yake ni kura. Akauliza kwa sauti kavu nani anataka mzinga ubaki. Wakulima ni watu wa ajabu. Waliinua mikono karibu wote, Gemma akiwemo, Onorina akiwemo, kwa sababu mwakani kutakuwa na mawingu vilevile. Kisha Evasio akasema ufunguo uwekwe mezani, na Defendente akauweka. Akabaki amekaa peke yake wakati watu wanatoka, kila mmoja akipita upande wa pili wa mapipa.

Alimkuta Onorina jikoni, hajavua koti.

"Umeona?" alimwambia. "Umebaki. Mzinga umebaki."

"Nimeona. Na mimi nimeupigia kura." Alifungua kabati, akatoa shuka moja na mto. "Mzinga nimeupigia kura, baba Mirella. Wewe sikukupigia."

Akapanda ngazi, akalala kwenye chumba cha wageni. Mpaka leo analala huko, na wageni wakijaa, Mirella humtandikia mama yake jikoni.